Saa Mia Moja za Nafasi

Daktari aliwapa habari ile akiwa amesimama, mgongo kauegemeza kwenye kabati la mafaili, na pengine ndiyo maana Fundi Baridi hakuielewa mara moja. Alidhani habari nzito hutolewa watu wakiwa wamekaa. Uvimbe kwenye koo la mkewe ulikuwa wa kukatwa, tena upesi, na ukikatwa ungeondoka pamoja na kisanduku chote cha sauti. Angekula, angetembea, angefanya kazi zake, angeishi. Ila hangeongea tena.

"Kwa muda gani?" Fundi Baridi aliuliza.

"Moja kwa moja," daktari alisema.

Mkewe ndiye aliyemjibu. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa miezi minne, lakini bado ilikuwa yake.

"Haya, mume wangu. Mungu amesikia dua zako. Sasa utapumzika."

Daktari hakujua acheke au asicheke. Fundi Baridi alicheka, kisha akatoka haraka, akasimama kwenye korido akijifanya anasoma bango la kunawa mikono.

Huyo mama mtaa mzima ulimwita Cherehani. Kazi yake ilikuwa kushona, lakini jina halikutokana na kazi peke yake. Mdomo wake ulikwenda kama cherehani iliyotiwa mafuta. Kuna wateja walioleta nguo nzima, isiyo na mshono hata mmoja uliofumuka, ili tu wapate kukaa kwenye benchi lake wasikie habari. Aliiga watu. Alimwiga mama mkwe wake, alimwiga mwalimu mkuu wa shule ya jirani, alimwiga mteja anayeapa kwamba hajanenepa bali nguo ndiyo iliyosinyaa. Na alimsema mumewe kutoka chumba cha mbele mpaka uani, bila kuondoa mguu kwenye pedeli. Mumewe, aliyekuwa akitengeneza mafriji huko uani, hakuinua kichwa. Alijibu "mm". Waliishi hivyo miaka ishirini na sita, mke akisema, mume akisema "mm", na wote wawili waliona ndoa yao haina tatizo.

Upasuaji ulipangwa baada ya siku kumi na tisa.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyesomea mambo ya kompyuta katika chuo kilichokuwa mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Aliposikia, alipanda gari akaja, boksi la viatu kwapani. Ndani ya boksi hamkuwa na viatu. Mlikuwa na kompyuta ndogo, ubao mmoja wa kijani unaoenea kiganjani, na kioo cha kugusa, na maikrofoni, na spika mbili, na nyaya zilizofungwa kwa mpira wa nywele.

"Mama, utarekodi maneno yako humu," alisema. "Kila neno linakuwa na kitufe chake hapa kwenye kioo. Ukitoka hospitali unagusa kitufe, linaongea. Si sauti ya mashine. Ni wewe mwenyewe."

"Na nikitaka kumsema baba yako?"

"Rekodi na hayo."

"Yote?"

"Yote, Mama."

"Mtoto huyu hanijui," Cherehani alimwambia mumewe, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Binti alifanya kazi Jumamosi nzima mezani pa kukatia nguo. Kompyuta ile haikuwa na kitu kingine cha kutunzia mambo yake isipokuwa kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Programu yenyewe alikuwa ameiandika zamani, kwa kazi ya darasani, kwenye kadi nyingine iliyokuwa na nafasi finyu. Kwa ajili ya mama yake alinunua kadi mpya, kubwa mara kumi na sita, akanakili humo kila kilichokuwa kwenye ile ya zamani. Kufika jioni mashine iliwaka, kitufe chekundu cha kurekodi kikatokea, na mama akajaribu neno la kwanza. Alisema jina la utani la mumewe. Mashine ikarudia: "Baridi!" Mwenye jina akageuka huko uani akaitika.

Jumapili asubuhi binti alikuwa anaondoka, kwa sababu mitihani ilianza kesho yake. Baba yake alikuwa ameshabeba begi, yuko mlangoni.

"Baba, kuna kitu kidogo sijamalizia kwenye kadi. Nikifika nitakupigia nikuelekeze."

"Gari litakuacha, mama. Mimi nimeshika waya kabla hujazaliwa."

Binti alicheka, akatoka. Alipofika chuoni alikuta mtihani wa kwanza umesogezwa kutoka mchana kuwa asubuhi, na kile kitu kidogo kikamtoka kichwani.

Nyumbani kazi ikaanza. Chumba cha kushonea kilifaa kuliko studio, maana majora ya kitambaa yaliyopangwa ukutani yalimeza mwangwi wote. Shida ilikuwa mafriji. Uani kulikuwa na matano yanayofanyiwa majaribio, na kila Cherehani alipofungua mdomo, mngurumo uliingia ndani ya rekodi. Fundi Baridi akawa anazunguka na kuchomoa moja baada ya jingine, anarudi, anabonyeza kitufe chekundu, na mkewe anamnyooshea kidole: "Zima na lile la nyuma, bado linanguruma!" Wateja waliokuja kuulizia mafriji yao aliwaambia kipuri hakijafika.

Orodha ya kwanza aliiandika binti, nayo ilikuwa na maneno ya kawaida, maji, chakula, dawa, mlango. Cherehani aliyamaliza kwa asubuhi moja, akaanza yake. Alirekodi namna saba za kumwita mumewe: ya chakula kiko tayari, ya kuna mgeni, ya umeme umekatika, ya njoo uone kioja, na nyingine tatu ambazo zote zilimaanisha ameudhika, ila kwa viwango tofauti. Alirekodi maneno ya wateja. "Vuta pumzi. Usibane tumbo, mimi si mchumba wako." Alijirekodi akimwiga mama mkwe wake anayesifia mboga ambayo haikumpendeza. Alirekodi wimbo wa vifungo, aliojitungia mwenyewe kumbembeleza binti alipokuwa mchanga, akarekodi tena na beti mbili mpya za wajukuu. "Watakuja tu," alisema. "Wakikuta bibi hana sauti, wimbo wataupata."

Kisha akasimulia walivyokutana. Alikaa kitako kwenye kiti chake cha kushonea, akasimulia dakika kumi na moja bila kupumzika, jinsi alivyokwenda kumgombeza fundi kijana aliyetengeneza friji la tajiri wake, likawa linapiga shoti kila likiguswa, na jinsi fundi huyo alivyoligusa mwenyewe kuthibitisha kwamba ni zima, akarushwa mpaka kwenye ndoo ya maji. Fundi Baridi aliishika maikrofoni mkononi akisikiliza. Alikuwa ameisikia hadithi ile mara nyingi mno, na siku zote aliisikia akiwa na bisibisi mkononi.

Kicheko kiliwapa taabu zaidi. Cherehani alisema hawezi kwenda hospitali bila kicheko, lakini kicheko hakiji kwa kuitwa. Mumewe hakuwa mtu wa mzaha. Alijaribu kusimulia kichekesho, akasahau mwisho wake. Mwishowe, bila kusema neno, alichukua sketi ya mteja iliyokuwa inangoja zipu, akaivaa juu ya suruali yake yenye madoa ya mafuta, akapita mbele ya kioo kirefu akijitazama ubavuni kama anavyofanya yule mwenye nguo. Cherehani alivunjika mbavu. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika meza, na kitufe chekundu kilikuwa kimewashwa muda wote.

Zikiwa zimebaki siku kumi, mashine iliandika kwenye kioo: Nafasi imejaa. Futa baadhi ya rekodi ili uendelee.

"Mpigie mtoto," Cherehani alisema.

"Yuko kwenye mitihani."

"Dakika mbili tu."

"Tumtoe kwenye mitihani aje ashughulikie hili? Imejaa. Kitu kikijaa kimejaa. Ngoja nilete kadi nyingine."

Akaenda dukani, akarudi na kadi, akaichomeka. Kioo kilibaki cheusi. Alijikuna kichwa, akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Akarudi dukani. Muuza duka alimwambia kadi tupu haiwezi kuwasha kompyuta, lazima iandaliwe na aliyeiandaa ya kwanza. "Si umpigie tu?" muuza duka alisema.

Fundi Baridi alisema ndiyo, atapiga. Njiani aliitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Ukweli ni kwamba mitihani ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ilikuwa yale maneno aliyoyasema mlangoni, ya kushika waya. Mtu mzima, fundi anayeitwa mpaka kwenye vyumba vya barafu vya machinjio, ampigie mtoto wake kumwambia kikadi cha ukubwa wa ukucha kimemshinda. Aliona tatizo lenyewe ni dogo, halina haja ya aibu hiyo. Akaingia ndani akasema, "Hakuna njia. Tupunguze."

Cherehani hakubisha. Alikuwa mtu wa kupima mara moja na kukata. Alichukua daftari lake la vipimo vya wateja, akaligeuza nyuma, akaandika kila rekodi na urefu wake, akapitisha mstari.

"Mgonjwa anaomba maji," alisema, "hasimulii ngano. Toa ile ya tulivyokutana."

"Hiyo ndiyo ndefu."

"Ndiyo maana nasema toa."

Mashine iliuliza: Una uhakika? Fundi Baridi alibonyeza Ndiyo. Ilipotea bila sauti yoyote.

Siku zile zilizofuata walifanya hivyo kila asubuhi. Wanafuta, anarekodi maneno mafupi, sauti inakwaruza, anarudia mara nne, mara tano mpaka linyooke, na mashine, bila wao kujua, inatunza kila jaribio, nafasi inajaa tena, wanafuta tena. Ikaenda rekodi ya mama mkwe na mboga zake. Zikaenda namna sita za kumwita mumewe, ikabaki moja tu, ya kawaida. Wimbo wa vifungo waliuweka mpaka siku ya nne kabla ya upasuaji, halafu nao ukaenda. "Mtoto anaujua," Cherehani alisema. "Atawaimbia yeye."

Kilibaki kicheko.

"Hiki tuache," mumewe alisema.

"Kina ukubwa gani?"

"Kama maneno ishirini hivi."

"Maneno ishirini ni siku nzima ya hospitali. Nitacheka na nani huko, na sindano? Futa."

"Mama, tuache hiki kimoja."

"Baridi. Futa."

Akafuta. Mahali pake yaliingia "Nigeuzwe upande wa kulia", na "Blanketi", na "Naona kizunguzungu", na mengine ya aina hiyo. Yote aliyarekodi kwa upole, akiwawazia manesi wageni ambao hangetaka wamwone mkorofi. Siku ya kuingia wodini walikuwa na maneno sitini na mawili.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alifurahi, akasema uvimbe umetoka wote. Cherehani alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili, akiwa na tundu chini ya koo alilolifunika kwa kitambaa alichojishonea mwenyewe, chenye pindo safi. Majirani walikuja kumwona. Aligusa kioo, mashine ikasema "Karibuni", nao wakashika vifua. "Ni yeye! Jamani ni yeye kabisa!"

Lakini wageni waliporudi makwao, Fundi Baridi alibaki na mwanamke aliyesema "Maji, tafadhali" na "Asante sana" na "Naomba uje". Katika miaka ishirini na sita hajawahi kumwambia "tafadhali" hata siku moja. Ilikuwa kama kuna mgeni mwenye adabu amepanga chumba mle ndani. Mengine aliyaandika kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha kitambaa cheusi, na aliandika upesi kama alivyokuwa akisema, lakini mumewe alisoma polepole, akifuata kwa kidole, na mara nyingi alipofika katikati mkewe alikuwa ameshachoka kungoja, amepangusa.

Wiki ya tatu baada ya upasuaji binti alifika, mitihani imekwisha. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Kisha, kama watoto wa siku hizi ambao wakihuzunika hutafuta kitu cha kutengeneza, akaichukua ile mashine akaipeleka uani, kwenye meza ya baba yake. Alitaka kuongeza picha kwenye vitufe.

"Baba, mbona hii inasema nafasi imejaa?"

"Imejaa zamani hiyo," Fundi Baridi alisema. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji.

"Haiwezi. Kadi hii ni ya giga sitini na nne." Akaandika kitu, kioo kikawa cheusi chenye maandishi meupe. Akasoma, akajipiga paji la uso, akacheka. "Ah! Sikuipanua. Ndicho kile nilichotaka kukuelekeza. Nilinakili kadi ya zamani nzima nzima, na mipaka yake. Kwa hiyo mashine ilidhani bado iko kwenye kadi ndogo. Inatumia giga nne tu. Angalia, hizi sitini zote hapa hazijagawiwa, zimekaa bure. Ni kama friji uweke ubao kwenye rafu ya kwanza, halafu mtu afungue mlango aseme limejaa."

Vidole vyake vilikuwa vinaandika huku anaongea. Mstari mmoja. Mashine ikazimika, ikawaka. Mstari wa pili. Haikufika dakika mbili.

"Tayari. Nimeusogeza ukuta mpaka mwisho. Unajua hizi ni saa ngapi za sauti, Baba? Saa mia moja." Akaanza kupitia orodha ya rekodi, juu mpaka chini. "Sitini na mbili? Nilidhani Mama atajaza maelfu. Hadithi ziko wapi? Ule wimbo je?"

Fundi Baridi alikuwa ameinuka. Bisibisi ilimdondoka, hakuiokota.

"Ilisema imejaa," alisema.

"Lini?"

"Siku kumi kabla."

"Mkafanyaje?"

Baba aliitazama ile mashine. Binti alimtazama, na jibu likamfikia kidogo kidogo, likaonekana usoni mwake likifika. Aliweka mikono yote miwili mdomoni.

"Mlifuta. Baba, mlifuta nini?"

Akamtajia. Alianza na mama mkwe na mboga, kwa sababu hilo lilikuwa jepesi, akamaliza na kicheko. Alipotaja wimbo wa vifungo binti alikaa chini, sakafuni, kwenye mafuta.

"Ni mimi," binti alisema. "Niliahidi kukupigia, nikasahau. Ilikuwa dakika mbili. Ni mimi, Baba."

"Mama yako aliniambia nikupigie. Aliniambia. Mimi nikakataa."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Walikaa hivyo, baba amesimama, binti chini, kila mmoja aking'ang'ania kosa kama vile likimwangukia mwenzake litamwua. Ndipo binti akasema wasimwambie Mama. Hana kazi nayo tena habari hiyo, itamuumiza bure. Fundi Baridi alitamani sana kukubali. Aliiokota bisibisi, akaiweka mezani. Halafu akasema, "Nimemnyamazia mama yako miaka ishirini na sita. Hili nitamwambia."

Alimkuta anapinda suruali ya mteja. Alivuta benchi akakaa, akamwambia yote kwa mpangilio: kadi ilikuwa kubwa, ilikuwa tupu, ilitaka mistari miwili ya maandishi, yeye hakupiga simu, na sababu ya kutopiga ilikuwa kiburi. Hakumtaja mtoto. Pedeli ilisimama alipofika kwenye saa mia moja.

Cherehani alimtazama. Uso wake ulianza kupanda hasira, ile ambayo mumewe aliijua vizuri, ambayo siku nyingine ingemfuata mpaka uani na kumrudisha. Mdomo ulifunguka. Hakukutoka kitu, ila hewa kwenye kile kitambaa cha koo. Akaivuta mashine, ambayo binti alikuwa ameirudisha kimyakimya mezani, akapitisha kidole kwenye vitufe, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akitafuta la kumwambia. Hapakuwa na neno la ukali hata moja. Yote yalikuwa ya manesi.

Akagusa kimoja.

"Inauma," mashine ilisema, kwa sauti ile tamu ya kumwomba mtu samahani kwa usumbufu.

Akagusa tena. "Inauma." Na tena. Fundi Baridi alisema, "Najua, mama, najua," na mkewe akagonga kitufe kile kile kwa kidole kama anayetaka kukitoboa kioo, na kila mara sauti ilitoka vile vile, pole, na adabu tele, "Inauma. Inauma. Inauma," mpaka binti akaja mlangoni akimwaga machozi, na Cherehani akaizima mashine, akaitia kwenye droo ya nyuzi, akaifunga.

Hakuigusa kwa siku tisa. Alitumia chaki na vidole. Binti, bila kumwambia mtu, aliitoa kadi akaipitisha kwenye programu ya kutafuta vilivyofutwa. Alikaa nayo siku tatu. Kama wangekuwa wamefuta mara moja na kuacha, vingi vingepatikana. Lakini walifuta na kurekodi juu yake, wakafuta tena na kurekodi tena, ndani ya kile kipande chembamba, mpaka "Blanketi" likawa limelala mahali pa wimbo na "Kizunguzungu" mahali pa kicheko. Alipata pumzi ya mtu anayejiandaa kuongea. Alipata "mpaka kwenye ndoo", maneno matatu peke yake. Alipata kipande cha kikohozi, ambacho huenda kilikuwa mwisho wa kicheko na huenda hakikuwa. Alimpa baba yake asikilize. Baba alisikiliza mara moja, akavua vipokea sauti masikioni, akaenda kunawa mikono.

Walipompelekea Cherehani, alitikisa kichwa. Aliandika: Sitaki makombo.

Alipona vizuri. Hilo lazima lisemwe. Daktari alimpima baada ya miezi miwili, akampima tena baada ya minne, akasema hakuna kilichorudi. Majirani walisema ashukuriwe Mungu, Fundi Baridi naye akasema, tena kwa moyo wake wote, maana alikuwa ameona wodini waliotoka na waliobaki. Wateja walirudi kwenye benchi. Walikaa kidogo, wakapimwa, wakaondoka. Uani mtu aliweza kusikia friji likianza kupoza na likijikata lenyewe. Fundi Baridi alitafuta namna ya kutosikia, hakuipata.

Kabla ya kurudi chuoni binti alikuwa amemwambia: "Baba, nafasi ipo. Hadithi zake unazijua. Zisimulie wewe, mimi nitakuja kuzisikiliza."

Aliona ni wazo la kitoto. Lakini Jumamosi moja mchana, Cherehani akiwa ametulia na kikombe cha chai, aliomba ruhusa ya kufungua droo ya nyuzi. Mkewe aliinua bega. Akaitoa mashine, akaiwasha, akaiweka mezani kati yao, akabonyeza kitufe chekundu.

"Ilikuwa Jumanne," alianza, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. "Mimi nilikuwa gereji. Akaja msichana amevaa… amevaa gauni."

Cherehani alikuwa ameweka kikombe chini. Alivuta kitambaa cheusi, akaandika: Haikuwa Jumanne.

"Samahani. Ilikuwa siku gani?"

Alimkodolea macho. Hakuandika siku. Aliandika: Nimekusimulia mara mia.

"Najua."

Akangoja. Mume alijaribu kweli. Alifumba macho, akaitafuta sauti ya mkewe ikiitaja siku ile, na sauti aliipata, ilikuwa inakwenda kama zamani, juu na chini, ikipanda mahali pa kuchekesha, lakini haikuwa na maneno ndani yake. Alikumbuka ndoo. Alikumbuka shoti. Alikumbuka kwamba palikuwa na mtu wa tatu hapo gereji aliyesema jambo moja, na kwamba jambo hilo ndilo lililokuwa kiini cha hadithi yote, ndipo watu walipokuwa wakianguka kwa kucheka. Ni jambo gani, hakujua. Mara zote hizo alikuwa amesema "mm".

"Alisema nini yule mtu?" aliuliza.

Cherehani aliishika chaki. Mkono ulikaa juu ya kitambaa muda, kisha akaiweka chini. Haikuwa hasira. Alichoka tu, kama mtu aliyeombwa afumue nguo nzima aishone upya kwa mkono.

Basi Fundi Baridi aliendelea na alichokuwa nacho. Aliruka siku, akaruka gauni, akaruka mtu wa tatu, akasema alirushwa na shoti akaangukia ndoo ya maji, na kwamba msichana yule alimcheka, na kwamba yeye alipenda kuchekwa vile. Hayo ya mwisho hayakuwamo kwenye hadithi ya mkewe. Ilimchukua dakika mbili na nusu. Cherehani alikaa mpaka mwisho, hakupiga meza, hakusahihisha. Mumewe alipomaliza, alipangusa kitambaa kwa kiganja, akachukua vikombe vyote viwili, akaenda kuviosha.

Mashine iliuliza rekodi hiyo iitweje. Fundi Baridi aliandika tarehe ya leo.